Majina Matatu Juu ya Moto

Nyumba ya Mimea,
S.L.P. 318, Tabora
12 Februari 1993

Ndugu Machibya,

Barua yako ya kukubali kazi imefika na nimefurahi. Tangu mpunguzwe kazi kule kwenye utafiti wa pamba nilikuwa nikijiuliza kama mkono ule unaojua kubana jani bila kulivunja utaishia kupanga mitumba barabarani. Umeokoka, kwa miezi sita angalau.

Kazi yenyewe ni hii. Katika kabati la nyasi za majini tuna ile ambayo watu wa ziwani hufumia mikeka: haina jani bapa, ni ufito mtupu wa kijani, na kishada cha maua ya kahawia hutoka ubavuni karibu na ncha. Vitabuni inaitwa Juncus. Kutoka ufuko wote wa Mwanza tunazo karatasi tatu tu zenye sampuli yake iliyokaushwa, na ya mwisho ni ya mwaka 1951. Siku hizi viwanda vya sangara vinaota kila mahali na vinamasi vinajazwa kifusi, kwa hiyo wafadhili wanataka kujua kama nyasi hiyo bado ipo.

Nakunakilia lebo ya 1951, nimeitafsiri mwenyewe: "Kinamasi cha Mwabulenga. Maji hadi kiunoni. Adimu. Mchukuzi mmoja alichukuliwa na mamba wakati wa kukusanya; sampuli iliokolewa." Basi, imeishia hapo. Nyasi ina jina la Kilatini, bwana aliyeichuma ana jina na cheo, hata mamba katajwa. Mtu aliyeliwa hana jina. Niko hapa mwaka wa ishirini na mbili, na kila nikiifungua karatasi ile hasira hunipanda upya.

Kwa hiyo lebo zako zitakuwa na mstari mpya: jina la kila mtu aliyeingia majini pamoja nawe. Hilo ni agizo, si ombi. Mengine unayajua: namba, tarehe, mahali, kina cha maji, seti mbili. Na sampuli zisiachwe kwa mtu asiye wa kazi, hata siku moja.

Dada yako,
Fadhila Mbaruku
Mtunzaji


Mwabulenga
9 Machi 1993

Dada Fadhila,

Shikamoo. Nyasi yako ipo! Nimeikuta palepale, maji hadi kiunoni vilevile, na mamba sijamwona ila viboko wamejaa. Usicheke, nimekimbizwa mara mbili na suruali moja imebaki kinamasini.

Nimefikia kwa bibi mmoja anaitwa Ng'washi, mjane, mfuma mikeka. Ni mama yake Suzana, yule mwenye nyumba wangu wa Kirumba anayeuza mapanki, mifupa ya sangara kutoka viwandani, pale sokoni Mwaloni. Ng'washi anaijua nyasi hii kuliko mimi na wewe na Kilatini chako. Ananipikia, ananifokea nikirudi na matope, ananiita mwanangu. Mama yangu alikufa nikiwa mdogo, na nakwambia ukweli, napenda kufokewa na huyu.

Mahali penyewe si pa amani. Wenye mitumbwi ya mashine wanaovua sangara kwa ajili ya viwanda wanakata nyavu za wanakijiji, na wanakijiji wanakata watu. Juzi kaletwa na mawimbi mwanamume hana mikono. Walimzika bila kuuliza ni wa nani. Watu wanalala na mapanga, na kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, bwana Josephat, anapiga yowe karibu kila siku.

Vijana watatu wamenisaidia, kila mmoja siku yake, na nimewaandika kama ulivyoagiza: namba 212 Maige, 213 Chenge, 214 Kija. Kija hajui kusoma. Nilipomwonyesha jina lake kwenye lebo alilipitisha kidole mara tatu, akasema hajawahi kuliona limekaa mahali.

Shida ni mvua. Haya magazeti mapya ya watu binafsi ninayobania nyasi hayanyonyi maji kama yale ya zamani, na kila ukurasa una picha ya maiti. Nyasi zilianza kuota ukungu. Ng'washi ndiye aliyeniokoa: tumeziweka juu ya kichanja, juu ya mafiga, na siku kumi na moja sasa anakoka moto wa samadi usiku na mchana. Macho yake yamekuwa mekundu, yanatoka machozi. Ananitania kwamba nikiondoka nimwachie macho mengine.

Seti ya kwanza imekauka, naituma kwa treni. Ya pili bado kidogo, nitakuja nayo mwenyewe.

Mdogo wako,
Machibya Luhende


Tabora
22 Machi 1993

Ndugu Machibya,

Nimezipokea, nimezishona kwenye karatasi, nimezipiga mhuri. Sampuli safi kama hizi sijapata tangu niajiriwe. Nilipoliweka jina la Maige kabatini, juu ya ile ya 1951, nilitokwa na machozi peke yangu kama mjinga.

Nasubiri seti ya pili. Uko nayo Mwanza, naamini.

Fadhila Mbaruku


Kirumba, Mwanza
31 Machi 1993

Dada Fadhila,

Shikamoo. Naomba unitumie kwa mkopo karatasi namba 212, 213 na 214, zikiwa na mihuri. Kuna marekebisho kidogo ya kumbukumbu. Zikitumwa wiki hii itakuwa vizuri sana.

Seti ya pili inaendelea kukauka.

Maige amefariki. Alikuwa anakata nyasi za mkewe, kiboko akamkata katikati. Mkewe aliona kila kitu.

Machibya


Tabora
5 Aprili 1993

Ndugu Machibya,

Pole kwa Maige. Nimesoma sentensi ile nikashindwa kula.

Lakini ombi lako silielewi. Sampuli iliyokwisha kupigwa mhuri haitoki nje ya nyumba hii bila fomu ya mkopo iliyosainiwa na mkuu wa taasisi inayokopa, na wewe si taasisi. Na "marekebisho" ni ya nini? Kama uliandika tarehe usiyokuwepo, au kina cha maji ulichokikisia ukiwa umekaa nchi kavu, niambie sasa kabla sijajua mwenyewe. Nimewahi kumfukuza mtu kwa jambo hilo. Lebo haibadilishwi kwa sababu mtu amefariki.

Nimeambatisha fomu.

Fadhila Mbaruku


Kirumba
Ijumaa Kuu, 9 Aprili 1993

Dada Fadhila,

Barua hii nampa mtu wa treni aje nayo mkononi, maana posta imefungwa. Nisamehe, nilikuficha kwa aibu. Sasa nakwambia yote.

Seti ya pili sinayo. Nilimwachia Ng'washi juu ya kichanja aimalizie kukausha, maana mimi nilikuwa na homa nikataka kurudi mjini. Nilijua unakataza. Nikajiambia ni siku chache tu.

Maige alikufa wiki ile. Baada ya siku sita Chenge naye akakutwa ndani ya mtumbwi wake, kichwa kimepasuliwa kwa kasia, bila shaka na wale wenye mitumbwi ya mashine. Kija alikwenda kwa Ng'washi kuomba moto akaliona bunda juu. Akalishusha. Akakuta nyasi iliyobanwa juu ya picha ya maiti, karatasi yenye namba, na jina. Hajui kusoma lakini jina lake analijua lilivyo, mimi mwenyewe nilimwonyesha. Akampelekea mtoto wa shule amsomee nyingine mbili. Maige. Chenge. Kisha akamtazama Ng'washi, macho mekundu kutokana na moshi wangu.

Dada, unajua huku kwetu bibi mwenye macho mekundu huitwa mchawi. Kija anasema majina matatu yalikaushwa juu ya moto, wawili wameshakufa, na yeye anangoja zamu yake. Hali, halali. Ndugu zake wanamlinda. Amesema hatafika mwisho wa mwezi akiwa anangoja tu.

Suzana alikwenda kumchukua mama yake wakamfukuza kwa mawe, ana jeraha la kichwa. Ng'washi amefungiwa ndani mwake, vijana wako mlangoni. Josephat si mtu mbaya. Ameniambia: kama hizi ni karatasi za kazi, lete nyingine za majina hayohayo zenye mhuri wa serikali, nitawasomea watu mkutanoni. Mkutano ni Ijumaa ijayo, tarehe 16.

Nakuomba kwa jina la mama yako. Zitume.

Machibya


Tabora
Jumatatu, 12 Aprili 1993

Machibya mdogo wangu,

Barua yako imenifikia asubuhi hii nyumbani. Ni sikukuu, mlinzi hakutaka kunifungulia, nimemsukuma nikaingia.

Nakutumia karatasi zote tatu. Hakuna fomu. Nimeandika barua na kuipiga mhuri mara mbili: kwamba nyasi hizi ni mali ya serikali, kwamba seti mbili ziliagizwa na mimi, kwamba majina yaliandikwa kwa amri yangu kwa heshima ya waliosaidia, kwamba kuzikausha juu ya moto ni sehemu ya kazi. Waambie waje wanione mimi. Waambie tuna majina elfu nne ya wachumaji katika makabati haya na wenye nayo wengi wanakula ugali leo.

Kifurushi kinaondoka na treni ya leo jioni. Kitakuwa stesheni ya Mwanza Jumatano. Kichukue mwenyewe, saini mwenyewe.

Mstari ule ulikuwa wangu. Nilitaka wasife bila majina. Ee Mungu, mfikishe.

Fadhila


Kirumba
20 Aprili 1993

Dada Fadhila,

Ng'washi hayupo. Wamemuua Ijumaa.

Nilikaa stesheni Jumatano, Alhamisi, na Ijumaa hadi saa sita mchana. Kifurushi hakikuja. Nikaamua kwenda mikono mitupu, na nilipofika nyumba ilikuwa inaungua. Kifurushi kimefika Jumamosi.

Nilivyosimuliwa, ni Kija aliyeanza, na wengine wanne wakaingia. Walimkata mbele ya watu wote, wakamtupa mlangoni kwake, wakawasha paa. Mikeka yake ilikuwa ndani, iliwaka haraka. Jumamosi nilirudi na Suzana, tukakusanya tulichopata kwenye gunia la dagaa. Alitaka kulibeba mwenyewe na hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Amembeba mama yake kichwani hadi kwenye boti.

Polisi wamekuja Jumapili na kumkamata Kija na wenzake wawili.

Nisamehe kwa habari hii. Sina la kuongeza.

Machibya


Tabora
2 Mei 1993

Mdogo wangu,

Nimehesabu. Barua yako ya tarehe 31 niliipata tarehe 3 Aprili. Kama ningekutumia karatasi siku ile bila kuuliza, ungekuwa nazo tarehe 5, siku kumi na moja kabla ya mkutano. Mimi nilikuwa nakutumia fomu. Nilikuwa nakutuhumu kwamba umeandika kina cha maji cha uongo.

Kila mtu hapa anasema si kosa langu, na kila mtu hapa ni mwongo. Mume wangu ananikuta nimekaa jikoni naangalia moto. Nimemwandikia Suzana, sijui nani atamsomea. Nimemwambia ukweli: kwamba kuna mwanamke Tabora aliyeshikilia karatasi ambazo zingemwokoa mama yake, kwa sababu ya kanuni.

Wewe usijilaumu. Ulisubiri stesheni siku tatu. Ulikwenda hata mikono mitupu.

Fadhila


Nyegezi, Mwanza
20 Mei 1993

Dada,

Shikamoo. Asante kwa maneno yako. Tafadhali usijitese.

Nimehama Kirumba. Suzana alikuwa ananipa chakula kila jioni, anasema mama yake alinipenda, na mimi nakirudisha kama kilivyo. Kazi ya nyasi siiwezi tena. Nitakuletea mbao za kubania nikipata nauli.

Machibya


Tabora
30 Juni 1993

Machibya,

Nilikwenda stesheni kuwashitaki kwa kuchelewesha kifurushi. Nilitaka nimpate mtu mwingine wa kubeba hili pamoja nami, hata kama ni treni. Karani alifungua jalada akanipa kipande cha stakabadhi kilichorudishwa kutoka Mwanza.

Kimesainiwa "M. Luhende", tarehe 14 Aprili. Jumatano.

Mwandiko wako naufahamu, nimeusoma kwenye lebo mia mbili na zaidi. Ile herufi ya L unaivuta mkia. Maisha yangu yote nimefanya kazi ya kutazama tarehe na kuuliza kama mtu alikuwa pale anaposema alikuwa.

Ulikuwa wapi Ijumaa?

Fadhila Mbaruku


Nyegezi
11 Julai 1993

Dada Fadhila,

Stakabadhi haikosei. Nilikipokea Jumatano saa nne asubuhi na nikakifungua palepale stesheni. Karatasi tatu, mihuri, barua yako imepigwa taipu vizuri. Nilisema kwa sauti: bibi amepona. Mpagazi mmoja akanicheka.

Ijumaa nilikuwa Mwabulenga mapema. Nilikaa safu ya mbele, mkoba magotini. Kijiji kizima kilikuwepo, wanaume na mapanga yao, na bunda langu lilikuwa limewekwa katikati juu ya kiti, limefunguliwa. Josephat akamtoa Ng'washi nje akamketisha chini. Alikuwa amekonda. Akaniona, akaniuliza kama Suzana hajambo na kama homa yangu imepona.

Kija akasimama. Alikuwa amelinoa panga lake hadi limekuwa jeupe. Alisema hana ugomvi na mtu, anataka kuishi tu. "Aliyeweka jina langu juu ya moto ndiye anayeniua. Kama ni bibi, namkata bibi. Kama ni mgeni, namkata mgeni. Semeni tu ni nani, nipumzike." Watu wakaitikia. Walikuwa wanapiga mapanga yao kwenye mawe, na mlio ule bado nausikia.

Josephat akanigeukia. "Bwana miti, hili bunda ni lako? Ulimwachia wewe alikaushe?"

Dada, mkono wangu ulikuwa ndani ya mkoba. Nilikuwa nimezishika karatasi zako. Nilikuwa na la kusema, nililifanyia mazoezi kwenye boti njia nzima. Nikamtazama Kija na panga lake, na nikajua nikisema "ndiyo" hatangoja nimalize. Labda angengoja. Sikutaka kujua. Nikasema: "Zangu nilizihesabu nilipoondoka. Zote ziko Tabora, serikalini. Hizi sikuziacha mimi."

Josephat akanitazama, nadhani hakuniamini, lakini akamuuliza: "Mama Suzana, umesikia. Basi hizi ni za nani?"

Nilijua atasema ni zangu. Ilikuwa haki yake, na ilikuwa kweli. Alinitazama kidogo. Hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu anayejaribu kukumbuka kama amewafungia kuku. Kisha akasema: "Mgeni amesema si zake. Basi ni zangu. Mwacheni aende kwao, ametoka mbali."

Pigo la kwanza lilimpata begani. Alijikinga kwa mkono na pigo la pili likaondoka na mkono. Alipiga kelele kwenye la tatu, akamwita Suzana. Halafu wengine wakaingia, sikuona tena ni nani anapiga wapi, niliona migongo tu na mapanga yanapanda mekundu. Mimi nilikuwa umbali wa hatua nne. Damu ilinirukia usoni na kwenye mkoba. Nilikaa vilevile, mkoba magotini, mpaka walipombeba kumtupa mlangoni kwake na kuwasha paa.

Nilinawa ziwani, nikaondoka, na hakuna aliyenigusa. Yeye ndiye aliyewaambia waniache.

Nilikuandikia kwamba kifurushi kilichelewa kwa sababu sikuweza kuandika haya. Ulipojibu kwamba kosa ni lako niliona aibu, na nikaona nafuu pia. Miezi mitatu nimekuacha ubebe. Nifanye unavyotaka.

Machibya Luhende


Kirumba, Mwanza
27 Julai 1993

Machibya,

Sikukujibu kwa posta. Nilipanda treni na barua yako.

Nilimkuta Suzana Mwaloni, anakata vichwa vya samaki. Nikamwambia mimi ndiye yule wa Tabora. Hakuniangalia. Akasema barua yangu alisomewa na katekista, na kwamba alikuwa anasubiri aone kama nina uso. Nikamwambia nimekuja na barua nyingine, si yangu. Akafuta mikono, akanipeleka nyumbani, akafunga mlango. Nikamsomea yote, neno kwa neno. Nilipofika pale mama yake anauliza kama Suzana hajambo, aliniambia nirudie. Nilirudia mara nne.

Hakulia. Alinyanyuka akaenda kwenye kile chumba ulichokuwa umepanga, akakitoa kitanda ulichokuwa unalalia, akakipasua kwa shoka uani hadi zikabaki kuni. Majirani walikuja wakasimama. Alipomaliza akaja akaketi, anahema, akasema nikuandikie haya kama anavyoyasema:

"Mwambie sitaki pole yake. Kesi itakapoitwa atakwenda mahakamani. Atasimama mbele ya watu wa Mwabulenga wote na kusema bunda lilikuwa lake, na mama yangu alikuwa anamtunzia. Mama yangu amekufa anaitwa mchawi kwa kinywa chake yeye. Kwa kinywa hichohicho atamtoa."

Nikamwambia ndugu zake Kija wameshaapa kwamba atakayetoa ushahidi watamkata. Akasema anajua, na kwamba hilo ni lako.

Mimi pia nina langu. Barua yako nimeipeleka polisi, wamechukua nakala na kuipiga mhuri. Nimesaini kwamba mwandiko naujua. Wewe uko Nyegezi, mwendo mfupi kutoka hapa, na ningeweza kuja. Sikutaka kukuona.

Utaitwa. Nenda.

Fadhila Mbaruku


Nyegezi
21 Septemba 1995

Dada Fadhila,

Miaka miwili sijakuandikia na sidai jibu. Nakuandikia kwa sababu jambo hili lilianza kwenye barua zako na zangu, na wewe hupendi kumbukumbu isiyokamilika.

Mahakama ilikaa wiki iliyopita. Mwaka jana ndugu zake Kija walinivizia njiani, wakanikata mguu na sikio, huenda ulisikia. Nilikwenda na fimbo. Ukumbi ulijaa watu wa Mwabulenga. Suzana alikaa nyuma, karibu na mlango.

Nilisema. Bunda lilikuwa langu. Nilimwachia mimi. Moto ulikuwa wangu, macho yake yaliharibika kwa kazi yangu, na karatasi za kumwokoa zilikuwa mkononi mwangu. Jaji aliniuliza kwa nini nilinyamaza, nikasema niliogopa kufa. Akaandika. Nyuma yangu nikasikia kina mama wa Mwabulenga wanalia, na mmoja akaita jina la Ng'washi kwa sauti, akimwomba radhi.

Nikadhani nimemaliza. Kija hakumngoja wakili wake. Alishika chuma cha kizimba akaniita. Amezeeka, dada, utadhani ni baba yake. Hakuwa ananifokea.

"Bwana miti, siku ile nilikuangalia wewe, si bibi. Bibi ndiye aliyemzalisha mama yangu, alinipokea mimi mikononi. Niliona mkono wako kwenye mkoba. Nilijua una kitu. Nilisema moyoni, akikitoa tu, hata kama ni karatasi nisiyojua kuisoma, nalitupa panga hili ziwani. Nilikungoja. Kwa nini hukutoa mkono?"

Jaji alimwamuru anyamaze. Hakuna aliyenilazimisha kujibu. Jana wamehukumiwa kunyongwa, yeye na wenzake wawili.

Walipokuwa wanateremshwa alinitazama tena, bado anangoja. Suzana aliona. Alinipita mlangoni, akamfuata mama yake Kija nje, akamshika mkono, wakaketi wote wawili kwenye ngazi.

Machibya Luhende